Mzee Abdiel na Sista wa Zahanati

Mzee Abdiel wa Kikwe alirudi kutoka Nairobi na kitu kipya moyoni, na wala si wokovu, maana wokovu alikuwa nao siku nyingi, yeye mzee wa kanisa la Kilutheri kwa miaka kumi na tisa. Kilikuwa kibomba kidogo cha waya ambacho madaktari walikipenyeza kwenye mshipa wa moyo ili damu ipite bila kusukumana. Mwaka ule wa 2003 Kikwe ilikuwa haijapata kumwona mtu wa namna hiyo, kwa hiyo watu walimiminika kumwona.

Walikuta beseni mlangoni. Agnela, mke wa mwanawe Bariki, alikuwa nesi katika zahanati ya Maji ya Chai, na kwa vijidudu hakuwa na utani hata kidogo. Alisimama na birika la maji na sabuni, akamnawisha kila mgeni hadi kwenye viwiko. Sasa, Kikwe mtu akinawishwa mikono anajua kinachofuata ni sahani. Wageni walinawa, wakaingia, wakakaa wima na mikono misafi juu ya magoti, wakangoja. Walitoa pole, wakangoja. Waliomba, wakasema amina, wakangoja. Waliondoka saa nane mchana wakinung'unika kwamba tangu nyumba ile ipate nesi, maji ni mengi na chakula hakionekani.

Lakini beseni halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mahali kidonda kilipokaa.

Kila mgeni alitaka kuona kifua kilichopasuliwa, na kifuani mwa Mzee Abdiel hapakuwa na hata mchubuko. Madaktari walikuwa wameingilia chini, kwenye kinena, upande wa kulia, wakapanda na mshipa hadi juu. Bariki aliyemsindikiza alilijua hilo. Agnela naye alilijua, kwa sababu karatasi ya hospitali ilisema wazi, ikaongeza kwamba kidonda kikaguliwe kila siku, kisiloweshwe, kisishikwe kwa mikono michafu, na kikiwa chekundu au kikivimba, mgonjwa arudishwe hospitali bila kuchelewa.

Bariki alikikagua siku tatu. Siku ya nne kampuni ya utalii ikamwita, akaondoka na Wazungu kwenda Serengeti kwa siku kumi, huko ambako simu ya mkononi haikuwa na kazi zaidi ya kuonyesha saa. Mke wa mzee alikwisha kufariki. Akabaki mzee na mkwewe.

"Baba, naomba nione kidonda," alisema Agnela.

"Kidonda kipi, Mama Nice?"

"Kile cha kwenye karatasi."

"Karatasi imekosea. Mimi nilipasuliwa hapa." Akafungua vifungo viwili vya shati, akaonyesha plasta aliyojibandika mwenyewe katikati ya kifua. Ilikuwa plasta ya watoto yenye picha ya sungura, mojawapo ya zile mjukuu wake Nice alizoletewa na watalii.

Agnela alimtazama sungura. Sungura akamtazama Agnela.

Msimcheke mzee wa watu. Alilelewa akijua kwamba mkwe wa kike humkalii karibu, na ukimwona anakuja njiani unaanza kukagua vifungo vyako. Leo amvulie suruali? Afadhali kufa, alijisemea. Kisha akajiogopesha mwenyewe, maana kufa kwenyewe hakukuwa mbali sana.

Siku ya tano kidonda kiliwasha. Mzee akaingia bafuni kwa siri na ndoo ya maji ya mfereji, maji yale yale wanayokunywa ng'ombe wa kitongoji kizima, akakiosha vizuri sana. Siku ya saba kilikuwa chekundu na cha moto, na kila hatua ilimchoma. Akaingiwa na hofu ya kweli. Ndipo alipomtuma mtu Tengeru akamwite Ndesanjo, bwana mifugo, kwamba ng'ombe wake mgonjwa.

Ndesanjo alifika na pikipiki, amevaa mabuti ya mpira. Agnela akamnawisha. Mzee akamvutia chumbani na kufunga mlango.

"Ng'ombe yuko wapi?" aliuliza Ndesanjo.

"Ng'ombe ni mimi."

Ndesanjo aliinama akaangalia, akajikuna kichwa. "Mzee wangu, ungekuwa ndama ningekupulizia dawa ya zambarau nikakufungulia ukachunge. Lakini hapa pamevimba. Mwambie mkweo."

"Siwezi."

"Basi mimi naweza," alisema Ndesanjo, akatoka.

Mzee alisikia sauti uani, kisha pikipiki ikaondoka. Akakaa kitandani. Baada ya kitambo mlango ukagongwa.

"Hodi."

Aliyeingia alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi, kofia ya kinesi, saa imebanwa kifuani. "Shikamoo, mzee," alisema. "Mimi ni sista kutoka zahanati. Nimesikia hapa kuna mgonjwa."

Mzee Abdiel alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Yule sista hakucheka, ingawa midomo ilikuwa ikimsumbua kidogo.

"Marahaba, sista. Karibu. Mkwe wangu yupo hapo nje?"

"Hayupo. Nimemtuma sokoni Tengeru."

"Afadhali. Yule ana macho makali."

Akageukia ukuta, akafungua mkanda. Sista alinawa, akavaa glavu, akabonyeza taratibu.

"Ulikiosha na nini?"

"Maji ya mfereji."

Sista akachukua pamba na dawa. Mzee alijua kabisa kwamba angekuwa mkwe, wangemsikia mpaka Maji ya Chai.

"Sista, nitakufa?"

"Ukienda hospitali leo, hufi. Uchafu tusiuache uingie kwenye damu. Ndesanjo ameenda kuazima gari. Lakini mzee, kwa nini hukumwonyesha mkweo mapema?"

"Aibu." Mzee aliongea na ukuta. "Tangu mama Bariki afariki, ni yeye anayenifulia shuka, ni yeye anayeniuliza kama nimelala vizuri. Niliogopa nikimvulia suruali hataniona tena kama baba. Nampenda kuliko watoto niliowazaa, sista. Lakini maneno hayo unamwambiaje mkwe?"

Mikono ya sista ilisimama. Aliinamia mkoba akatafuta kwa muda mrefu plasta iliyokuwa tayari mkononi mwake.

"Nimfikishie?" aliuliza.

"Usithubutu. Ataringa."

Sista akabandika plasta, akaaga, akatoka. Dakika chache baadaye Agnela aliingia amejifunga kanga, anavuta pua.

"Shikamoo baba. Nasikia sista alikuja."

"Marahaba. Alikuja. Anasema twende hospitali."

"Hakusema kingine?"

"Yeye hakusema. Niliyesema ni mimi." Mzee alimkagua usoni. "Macho yako yana nini?"

"Vumbi la sokoni."

Nje honi ya gari ililia. Mzee Abdiel aliangalia pembeni kama mtu anayetafuta kofia yake, halafu akamnyooshea mkono amwinue.

"Pole, mwanangu," alisema.