Shingo ya Hosea

Yuditha alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulima, ule unaolala nao ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa umehamia kwake na vyombo vyake vyote. Wiki ya tano sasa, yeye na mumewe Hosea walikuwa wamepanga chumba kimoja Rau, mjini Moshi, mbali na kihamba chao, shamba la ukoo, kule Mwika, ili kila siku ya kazi Hosea akapigwe hospitalini mionzi ya kansa ya koo. Ng'ombe walikuwa wameachiwa Sirili, mdogo wake Hosea. Migomba ilikuwa imeachiwa Mungu.

Yuditha ni fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Kila Jumapili, wakitoka ibadani, Hosea alikaa kitandani akainua kidevu, naye akampitishia futi shingoni, akaandika kwenye daftari lake la wateja, kisha akachukua shati na kulipunguza kola kwa mkono. Walipoanza shingo ilikuwa inchi kumi na sita na nusu. Jumapili iliyopita ilisoma kumi na nne na robo. Chakula kilikuwa hakipiti. Hata mtori wa ndizi aliouchuja mara mbili Hosea aliumeza huku machozi yanamtoka.

Na kwa nini apunguze mashati? Kwa sababu kule kwao mtu akisema "baba fulani amekonda," ujue msiba umeshaanza kupangiwa kamati. Hosea hakutaka. Basi kila shati likamkaa vizuri, na watu wa usharika wakija kumwona wakarudi na habari kwamba mzee yuko imara. Laiti Yuditha angekuwa fundi mbovu.

Kama ingekuwa mashati tu, si neno. Lakini kila Jumatatu wagonjwa walipimwa uzito, na Hosea alipanda mizani na kabuti lake zito na mabuti ya shamba, Desemba na joto lote hilo la Moshi. "Nina baridi, binti yangu," alimwambia muuguzi, na binti gani atamvua mzee kabuti mbele za watu? Mfukoni mwa kabuti mlikuwa na jiwe la kunolea kisu. Kisu kilibaki nyumbani, jiwe alikuja nalo mwenyewe. Hosea ndiye mkubwa wa ukoo, na Krismasi, watoto wakishapanda kutoka Dar na Arusha, yeye ndiye huchinja na kugawa, akijua kidari ni cha nani na mguu ni wa nani. Mionzi ilikuwa iishe tarehe ishirini na tatu. Alishawaambia wote kwamba atakuwepo.

"Wakijua nimepungua watanisimamisha," alimwambia mkewe. "Wataanza kupima upya, Krismasi inikute hapa. Mama Kindness, usiniaibishe."

Yuditha akatia uzi kwenye sindano. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imemfundisha kunyamaza, na huo ndio ujinga wake.

Jumanne ya wiki hiyo Hosea aliingia kwenye mashine kama kawaida. Kwenye benchi la nje Yuditha alisinzia, mpaka Brenda, mtaalamu wa mionzi, alipomgusa bega. Nyuma yake alisimama Kornel, yule kijana anayepanga hesabu za mionzi kwenye kompyuta, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha matangani.

"Shikamoo mama," Brenda alisema. "Baba anakula?"

"Marahaba. Anakula kidogo."

"Maski yake, ile ya kumshika asitikisike kwenye mashine, inacheza. Siku ile ya kwanza ilimbana usoni na shingoni kama ngozi yake, maana tuliifinyanga juu yake. Leo nimeingiza vidole viwili. Lakini kwenye faili kilo ni zile zile, sabini."

"Labda plastiki yenyewe imelegea," Kornel alisema. "Foleni ya picha ni ndefu. Kama hajapungua, tunaweza kuendelea, tumpige picha wiki ijayo."

Yuditha aliuliza polepole, "Na kama amepungua?"

Kornel aliketi kando yake, kwa heshima. "Mama, mionzi niliichora kwa shingo ile aliyokuja nayo. Shingo ikisinyaa, mionzi haijui. Inaendelea kupiga palepale. Ugonjwa unaweza kukwepa, na uti wa mgongo ukapata kisichokuwa chake. Uti ukiungua, mtu anaweza asitembee tena. Tukijua, tunatengeneza maski mpya na hesabu mpya. Anasimama siku nne, tano, basi."

Siku nne, tano. Krismasi imeondoka hapo. Yuditha alihesabu na kuhesabu tena. Ni yeye aliyekuwa akiwaambia wenzake wa kwaya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na wenzake wakaitikia. Kumbe methali ni rahisi ikiwa maradhi ni ya jirani. Aliona aibu, akaona na hasira, hasira ya kuchoka, akamkasirikia Hosea na kabuti lake, akajikasirikia yeye na sindano yake.

Akafungua mkoba, akatoa daftari.

"Kilo hizo ni za kabuti," alisema. "Hizi ndizo zake."

Kornel alisoma ukurasa kwa kidole, Jumapili baada ya Jumapili, kwa mwandiko safi wa fundi. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Leo hapigwi," akaenda kuwasimamisha waliokuwa kwenye mashine.

Hosea alitoka ndani akifunga vifungo vya kabuti kimoja kimoja. Aliliona daftari mikononi mwa Kornel. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, naye safari hii hakuinamisha macho.

"Nataka mume anayetembea," Yuditha alisema. "Nyama itagawanywa hata na Sirili."

Hosea alikwenda mwenyewe kwenye mizani iliyokuwa kando ya ukuta. Akavua mabuti. Akavua kabuti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Akapanda na soksi zake zilizotoboka kidole, mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Soma, binti," alimwambia Brenda.

"Sitini na moja, baba."

"Kwa sauti. Mama Kindness amechoka kubeba peke yake."

"Sitini na moja," Brenda alirudia, akaandika.

Hosea akashuka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kabuti, akatoa lile jiwe, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

"Mpelekee Sirili. Mwambie kile kisu kinanolewa upande mmoja tu, asije akakiharibu. Na aniwekee mchuzi."

Yuditha alilipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akaketi nalo mapajani, akalia bila kujificha, huku Hosea akiinua kidevu ili Kornel ampime shingo.