Mvua ya Miaka Mia

Wanaopima mvua wana msemo wao wa kurahisisha kazi: mvua ya miaka mia. Wenyewe kwa wenyewe wanaelewana. Maana yake ni mvua kubwa ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya mia ya kunyesha. Inaweza kunyesha mwaka huu na mwakani ikarudi, haina miadi na mtu. Lakini wameuzoea msemo huo mpaka wamesahau kwamba si masikio yote yaliyopita chuo kikuu.

Mtafiti wetu aliutamka ukumbini, mbele ya watu kama mia mbili, ramani ikiwa ukutani nyuma yake. Kwa miaka mitatu alikuwa amepanda na kushuka lile tuta la udongo linalozuia bwawa la tope la mgodi, akipima nyufa kwa rula na kubishana na walinzi getini. Majibu aliyoyapata hayakuwa na utata. Tuta lingehimili mvua ya miaka ishirini, basi. Mvua ya miaka mia ingelipasua, na chini ya tuta kulikuwa na nyumba mia nne. Moja ilikuwa ya kaka yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

Afisa wa wizara alikuwepo, kalamu mkononi. Ripoti ya mtafiti ndiyo ingeamua kama kampuni ilazimishwe kuwahamisha watu kabla ya msimu wa mvua au iongezewe muda.

Meneja wa mgodi, mtu wa sauti ya upole na mwepesi wa kucheka, akasimama kumshukuru mtafiti kwa kazi nzuri. "Tumemsikia wenyewe, jamani," akasema. "Mvua ya miaka mia. Sisi tunaomba mitano tu tuimarishe tuta. Tutamaliza na muda mwingine utabaki."

Watu wakaangua kicheko, makofi yakafuata. Mtafiti akainua mkono. Mkuu wa kitengo chake, profesa ambaye maabara yake ilifadhiliwa na mgodi huohuo, akamnong'oneza kwamba mfadhili habishiwi hadharani, atafafanua kwenye tanbihi. Mtafiti akatazama mbele. Afisa alikuwa ameshaanza kuandika. Safu ya tatu, kaka yake alikuwa anapiga makofi kuliko wote, uso umemjaa fahari, kwa kuwa mdogo wake amesifiwa mbele za watu. Akaushusha mkono. Msomi mzima, na miaka yake mitatu ya kupima nyufa, akaushusha.

Tanbihi aliiandika kweli. Ilikaa ukurasa wa themanini na sita, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Wizara ikaupa mgodi miaka mitano.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa kaka yake, amejiapiza kwamba leo atasema. Akakuta matofali yamepangwa uani. Kaka alikuwa anaongeza chumba, na alimweleza kwa furaha kwamba sasa ana uhakika wa kuishi hapo mpaka wajukuu. Mtafiti akaanza na habari za uwezekano, akaja kwenye asilimia moja kwa mwaka. Kaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Asilimia moja, mdogo wangu? Sindano zangu zinavunjika kuliko hivyo, na watu bado wanavaa."

Wifi yake akacheka. Hata mtafiti mwenyewe akacheka, Mungu amsamehe. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni hameni, na halikumtoka. Aliogopa kuulizwa kwa nini hakulisema ukumbini. Tena alijidanganya kwamba kazi ya mtafiti ni kutoa takwimu, mambo ya kuhamisha watu yana wenyewe. Akamaliza chai, akaaga.

Miezi mitatu baadaye mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Tuta likakatika saa saba mchana, watoto wametoka shule wanakula. Tope lilijaa nyumba mpaka juu ya madirisha. Miili iliyopatikana ilikuwa sitini na mmoja. Kaka yake walimtoa siku ya nne, ndani ya chumba kile kipya. Kampuni ikatoa taarifa ya rambirambi, ikisema mvua ile ilikuja kabla ya wakati uliokadiriwa na wataalamu.

Walionusurika walilazwa kwenye madarasa ya shule. Mtafiti alipoingia, mama mmoja aliyefiwa na watoto wawili akasema bila kuficha kwamba huyu ndiye msomi aliyewadanganya. Wengine wakamwunga mkono. Wifi yake, mkono mmoja umefungwa bandeji, akawakatiza.

"Mwacheni wifi yangu. Alisema alichosomea. Mvua ndiyo iliyokuja mapema. Nani angejua?"

Akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi, akamshika mkono amvute akae.

Alitamani kukaa. Alitamani kuweka kichwa kwenye bega lile na kumlilia kaka yake kama mfiwa mwingine yeyote, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akabaki amesimama.

"Haikuja mapema, wifi," akasema, na darasa zima likasikia. "Miaka mia haina maana hiyo. Ingeweza kunyesha hata kesho yake. Nilijua."

Wifi yake hakuuachia mkono mara moja. "Siku ile uliyokuja nyumbani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hapo akauachia. Alirudi taratibu katikati ya mkeka, ile nafasi ikajaa.

"Basi wajibu hawa wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sina tena la kukusemea."