Ruhusa ya Kuchimba

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshauchovya muhuri kwenye wino, mkono uko juu, Maximiliana aliposema hataki.

"Hutaki nini tena, mama?"

"Sitaki hiyo karatasi yako. Nataka hati yenye jina langu."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Hapa Bariadi nyumba zinauzwa kila leo kwa namna hiyo hiyo: muuzaji, mnunuzi, mashahidi wawili watatu, muhuri, soda, na jioni mnunuzi analala kwake. Hati hubaki na jina la mwenyewe wa zamani mpaka mchwa waimalize, na hakuna anayekosa usingizi. Sasa huyu muuza dagaa kutoka Lamadi anajifanya nani?

Maximiliana aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Huko Lamadi, yeye na marehemu mumewe waliwahi kununua nyumba kwa karatasi kama hiyo. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja na karatasi yao, na mashahidi wale wale waliokunywa soda yake wakasema hawakumbuki vizuri. Alitoka na watoto wake, godoro na sufuria. Siku hiyo aliapa kwamba akinunua nyumba tena, jina lake litaandikwa mahali ambapo hakuna shemeji wa kulifuta. Hasira ile hakuificha wala hakuiombea ipungue. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri kufuata dagaa mwaloni, kando ya ziwa, mwaka baada ya mwaka.

Muuzaji, mzee Ndaki, alikuwa ameketi pembeni yake, kidevu juu ya fimbo, kofia ikimfunika nyusi.

"Mayu amesema hati," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Basi ni hati. Mwenyekiti, funika muhuri wako, wino unakauka."

Mzee Ndaki alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka mapafu yakamkatalia. Alijenga nyumba nzuri ya vyumba vinne na kimoja cha uani, akamzika mkewe Matilda kwenye kona ya ua ule ule, kwa saruji na vigae. Jambo moja tu lilimkereketa: yeye, Msukuma mtu mzima, hakuwahi kuwa na kundi lake la ng'ombe. Alizeeka akinywa maziwa ya kununua! Ndiyo maana aliamua kuuza nyumba, anunue ng'ombe, awaweke kwa mpwa wake kijijini Mwamapalala, naye abaki kwenye chumba cha uani karibu na mkewe mpaka siku yake ifike. Maximiliana alikubali sharti hilo hata kabla hajamaliza kulisema.

Asiyekubali alikuwa Mihayo, mwana mkubwa wa mzee, aliyekuwa akiishi Mwanza. Huyu, mama yake alipougua, hakuonekana, ila habari ya kuuzwa nyumba ilimfikia kabla ya jua kuzama. "Nyumba ya mjini kwa ng'ombe!" alifoka kwenye simu. Kisha akatulia, maana alipiga hesabu yake, na hesabu yenyewe hakumficha mtu. Mzee ana umri. Mambo ya hati yanachukua muda. Akifa kabla hayajaisha, watamzika pale pale kando ya mama, na baada ya hapo nani atathubutu kusema nyumba ni yake, na baba wa watu amelala uani? Kaburi linafunga midomo kuliko ukuta. Mihayo hakuhitaji kwenda mahakamani wala kugombana na mtu. Alihitaji jambo lichelewe tu.

Wakili Method naye hakuwapaka mafuta. Alikuwa kijana mkweli, mwembamba, mwenye ofisi ndogo nyuma ya duka la mbegu.

"Hati ikitoka mzee yuko hai, nyumba ni yako, mama. Akitangulia kabla, tunarudi mwanzo: kikao cha ukoo, mirathi, mahakama. Na msimamizi wa mirathi unamjua atakuwa nani."

"Sasa inachukua muda gani?"

"Inategemea."

Neno hilo "inategemea" limewazeesha watu wengi nchi hii. Maximiliana alimtazama wakili kama anayetazama mizani ya mwenzake sokoni, halafu akaweka sahihi na kulipa sehemu ya fedha. Mzee Ndaki akapigwa picha za pasipoti akiwa na kofia. Akaambiwa avue, akakataa, wakabishana mpaka mpiga picha akatishia kufunga duka. Ndipo akavua kwa kinyongo, na kwenye picha zote ameonekana kama mtu aliyeibiwa kuku.

Hayo yalifanyika wakati watu wanapanda pamba. Kodi ya ardhi ilipolipwa yote, pamba ilikuwa inapaliliwa. Mthamini alipokuja kupima kuta na kuandika, pamba ilikuwa imetoa maua. Watu wa kodi walipotoa makadirio yao na Maximiliana akayamaliza, pamba ilikuwa imepasuka, mashamba yote ya kuelekea Nkoma ni meupe. Na hapo ndipo jalada lilipokwama.

Ilitakiwa ridhaa ya mke.

"Mke wangu amekufa," mzee Ndaki alimwambia karani wa ofisi ya ardhi.

"Pole sana, mzee. Cheti cha kifo kiko wapi?"

"Cheti?" Mzee alishangaa kweli kweli. "Kaburi lipo! Lina jina, lina tarehe, lina hata msalaba. Twende nikakuonyeshe, siyo mbali."

Karani akaeleza kwa upole kwamba kaburi haliwezi kuingia kwenye faili. Mzee alitoka pale akinung'unika mpaka nyumbani. Nani kwao aliwahi kumwandikia maiti cheti? Mtu akifa anazikwa uani kwake, watu wanamwona akishushwa, yamekwisha. Alitumia fedha nyingi kwenye vigae vile akidhani ndiyo kumbukumbu isiyo na mjadala.

Ili kupata cheti zilihitajika taarifa za ndugu. Mihayo akapigiwa simu. "Mimi sina haraka," akajibu, akakata. Basi akatafutwa Justina, jirani aliyemwosha marehemu kwa mikono yake. Justina hakungoja kubembelezwa. Alijifunga khanga mbili, akaenda kwa wakili kula kiapo. "Mimi nilimfunga kidevu," alisema, na machozi yakamtoka. "Wakitaka nitawaeleza na gauni alilovaa."

Cheti kikapatikana, jalada likaanza tena kutembea, kwa mwendo wake. Kila Jumatatu Maximiliana alifunga kibanda chake sokoni, akachukua ndoo ya dagaa, akaenda kukaa kwenye benchi la ofisini. Hakumhonga mtu hata kikombe kimoja. Alikuwa anauza. Aliyetaka dagaa alilipa, na baada ya kulipa aliulizwa, "Lile jalada la Ndaki limefika meza gani?" Wakamwita Mama Hati. Alilipenda jina hilo.

Msimu wa kununua pamba ulipopamba moto, mzee akaugua. Alikohoa mpaka fimbo ikamponyoka. Mihayo aliwasili na gari la kukodi, akaanzia sokoni.

"Mama, chukua fedha zako urudi ziwani kwenu," alimwambia Maximiliana mbele ya wateja. "Utangoja mpaka lini?"

"Mpaka hati itoke."

"Na mzee akienda kabla?"

"Basi nitaanza upya na wewe. Mimi sizeeki haraka, baba."

Wateja wakapiga makofi. Lakini Mihayo alipogeuka, Maximiliana alikalia gunia. Aliogopa. Aliogopa hadi akamchukia mzee wa watu kwa kukohoa kwake, halafu akajichukia mwenyewe kwa kuwaza hivyo. Akafunga kibanda, akakimbia kwenda nyumbani kwa mzee.

Alikuta vuta nikuvute. Mihayo anataka kumpakia baba yake kwenye gari, eti hospitali za Mwanza ni kubwa. Mzee amekumbatia nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

"Yaya!" alifoka, na hilo yaya lake, hapana ya Kisukuma, lilisikika mpaka barabarani. "Siendi! Mama yako alipokuwa anaumwa gari lilikuwa wapi? Dawa za Bariadi zinanitosha. Nimesema nitaiona hati, na nitaiona."

Mihayo akaondoka na gari tupu. Tangu siku hiyo Maximiliana akawa anampikia mzee uji asubuhi na samaki sato wa mchuzi jioni, akikaa mpaka aone chini ya bakuli. "Unaninenepesha kama dume la mnada," mzee alimtania. "Ndiyo," alijibu. "Bado hujauzika."

Hati ilitoka mvua za kwanza zilipoanza kunusika, watu wanatengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Msimu mzima wa pamba ulikuwa umepita, umeuzwa, umesahauliwa. Maximiliana hakupanda hata bodaboda. Alitembea kwa miguu kutoka ofisini, bahasha kifuani, akilia njia nzima bila kujifuta.

Mzee Ndaki alivaa kofia kwanza. "Soma jina," akasema. Akasoma. "Rudia." Akarudia. "Wabeja, mayu. Wabeja sana," akashukuru. Kisha akainuka, akajikokota mpaka kando ya kaburi la Matilda, akachomeka fimbo yake ardhini.

"Hapa. Kichwa upande ule, sawa na mwenzangu. Wakija kuchimba, waonyeshe wewe. Wewe ndiye mwenye mji. Lakini waombe kwanza. Wasipoomba usifungue geti, hata mimi nioze."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nimesema."

Fedha iliyobaki alilipwa, na mpwa wake akamchukua kwenda Mwamapalala kuwaona ng'ombe. Alirudi na samadi kwenye viatu. Alikataa kuifuta. Aliviweka viatu hivyo mlangoni ili kila apitaye avione, na kwa wiki kadhaa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Halafu asubuhi moja uji ulipoa mezani, naye hakuamka.

Mihayo alifika na vijana, sururu na makoleo, akaja moja kwa moja getini. Nyuma yao walikuwa wafiwa, majirani, mwenyekiti wa mtaa na Justina. Geti lilikuwa limefungwa. Maximiliana alisimama mbele yake, macho mekundu, khanga imefungwa kiunoni.

"Pisha, mama," Mihayo alisema. "Tunaingia kuchimba kwa baba yetu."

"Kwa baba yenu palikuwa chumba cha uani, na amekihama. Kwingine kote ni kwangu."

"Unasemaje?"

"Nasema ardhi ya mji wa mtu haichimbwi bila mwenye mji kuonyesha pa kuanzia. Mnajua ninyi kuliko mimi, maana ni mila yenu. Ombeni."

Vijana wakatazamana. Mihayo alicheka, lakini alicheka peke yake. Maximiliana akafungua fundo la khanga, akatoa hati, na hakumpa yeye. Alimpa mwenyekiti. Mwenyekiti aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudia mbele, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ni yake," akasema. "Jina lake peke yake. Na imetoka mzee akiwa hai."

Mihayo alitafuta uso wa kumsaidia katika watu wote wale, asiupate. Jua lilikuwa linapanda na maiti iko ndani. Mwishowe akaweka sururu chini.

"Mama," alisema, sauti haipandi. "Tunaomba. Tunaomba tumzike baba."

Hapo Maximiliana akashindwa kujizuia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto kwa mzazi wake, mkono ukipapasa komeo mpaka Justina akamsaidia.

"Karibuni kwangu," akasema.

Aliwaongoza mpaka kwenye ile fimbo, iliyokuwa bado imesimama kando ya vigae vya Matilda. Akaing'oa, akachukua jembe, akapiga pigo la kwanza yeye mwenyewe. Kisha akamkabidhi Mihayo mpini.

"Kichwa upande ule," alimwambia. "Ndivyo alivyosema."

Mihayo akachimba.