Firigisi ya Noeli

Ukimuuliza Florentine mwaka ule aliogopa nini, hatakutajia wezi wala mvua za Desemba. Aliogopa firigisi ya kuku. Cheka tu, lakini sikiliza kwanza.

Florentine na Antoine waliachana, na Noeli ya kwanza baada ya hapo waliiharibu kwa mikono yao wenyewe. Mama yuko Kolwezi, upande wa Manika. Baba, fundi wa malori, yuko Fungurume. Kila mmoja alimtaka mtoto. Wakavutana kwa simu mpaka binti yao Abigaël akala sikukuu yake ndani ya minibus, biskuti mkononi, katikati ya barabara. Aibu ile iliwatuliza wote wawili. Wakapatana: Noeli kwa mama, Bonane, yaani Mwaka Mpya, kwa baba, na anayekuja kumchukua mtoto asiachwe mlangoni. Akae, ale, ndipo aondoke naye.

Na amani hiyo ilikuwa tamu. Simu zilikuwa hazina kelele tena, na Abigaël, mwenye miaka tisa sasa, alikuwa ameacha kuumwa tumbo kila sikukuu ikikaribia.

Kumbe Tantine Henriette, dada mkubwa wa Antoine, alikuwa na mipango yake. Mama yule ana mdomo, na kuachana kule hakukumeza hata siku moja. Siku mbili kabla ya Noeli, Florentine akiwa anafua uani, alimsikia Abigaël nyuma ya ukuta akimnong'oneza rafiki yake Darlène.

"Tantine alisema firigisi anakulaka tata ya nyumba tu. Kama mama anamupa tata firigisi, njo kusema tata anarudia."

Florentine alibaki na nguo yenye povu mkononi. Ni kweli, kwao kuku akichinjwa firigisi ni ya tata, baba mwenye nyumba. Miaka yote ya ndoa alimwekea Antoine bila kuonja hata kipande. Lakini kurudiana, hapana. Walikuwa wazazi wazuri zaidi tangu walipoacha kuwa mume na mke, na wote wawili walilijua hilo. Sasa Antoine akija siku ya Noeli kumchukua mtoto kwa ajili ya Bonane, akimpa firigisi, amemdanganya mtoto. Akimnyima, atamvunja mtoto moyo siku ya Noeli, mezani, mbele ya watu.

Siku yenyewe, baada ya misa, alimpika jogoo kwenye mbabula, jiko lake la makaa, huku mvua ikipiga bati. Alipanga na kupangua. Aitupe? Ingekuwa dhambi. Aseme paka ameila? Abigaël angekwenda kumtafuta huyo paka. Mwishowe akaizamisha chini kabisa ya sufuria, chini ya shingo na miguu, akajiambia nani ataiona. Mtu mzima mzima, anamficha mtoto nyama jikoni.

Antoine alifika saa sita na taxi-moto, suruali tope mpaka magotini, mkononi keki iliyobonyea. Nyuma yake, kwenye pikipiki ile ile na bila kualikwa, ameketi Tantine Henriette, kitambaa kipya kichwani, uso wa mtu anayekuja kufungisha ndoa.

"Bonne fête, Mama Abi," Antoine alisema, akimwelekezea dada yake mkubwa kidevu. "Yaya alikatala kubakia."

"Karibu, Tata Abi. Karibu, Tantine. Bukari na kuku iko tayari."

Walipoketi mezani barazani, sufuria katikati, Florentine aliingia ndani kuchukua maji ya kunawa. Ni dakika moja tu. Aliporudi na beseni, Abigaël alikuwa amesimama kando ya baba yake, upawa mkononi, na juu ya sahani ya Antoine firigisi ilikuwa imekaa peke yake, inang'aa mafuta.

Tantine akapiga kigelegele kabla hata ya kunawa. "Mungu iko," akasema. "Mi nilijua tu."

Florentine hakumtazama Tantine. Alimtazama mwanawe, ambaye hakuwa akicheka. Alikuwa ameukumbatia upawa kifuani, anamngoja baba ale.

Antoine aliitazama sahani. Si mtu wa maneno, na zamani kimya chake kilikuwa kikimchoma Florentine kuliko matusi. Leo alizungumza.

"Abi, kuja hapa. Firigisi ni ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Na hii nyumba, mwenye ni nani? Nani anakufungulia mulango ukitoka ku masomo?"

Mtoto akainama. "Ni mama."

"Basi mupelekee mama. Mi niko na nyumba yangu ku Fungurume, na kitanda yako iko mule. Sitarudia kuishi hapa, Abi. Lakini kukuja kukuona, nitakuja siku zote."

"Mwanamuke akule firigisi?" Tantine akasema. "Antoine, uko na akili?"

"Yaya, nawa mikono."

Abigaël aliibeba sahani kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka na hakuweza kuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Akaiweka mbele ya mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mi? Nyumba yangu ni gani?"

Florentine alimtazama Antoine, Antoine akamtazama yeye, na mara hii walielewana bila kufungua mdomo.

Florentine akaichukua ile firigisi, akaipuliza, wala hakuionja. Akaiweka kwenye kiganja cha mtoto.

"Ya hapa ni yako na ya Fungurume ni yako," akasema. "Kama ni ya mwenye nyumba, hapa mwenye nyumba mbili ni weye peke yako. Kula."

Tantine akashika kichwa. "Mutoto? Tena mutoto mwanamuke?"

"Na ku Bonane nitamuchinjia kuku ingine," Antoine akasema.

Abigaël akaitia yote mdomoni. Akatafuna, mashavu yametuna, huku watu wazima watatu wakimkodolea macho. Alitafuna mpaka wakachoka kungoja, ndipo akameza.

"Iko mugumu," alisema. Akajifuta machozi kwa mkono wenye mafuta, akamgeukia baba yake. "Lakini ya Bonane musimupe mutu. Ni yangu."

Florentine alicheka mpaka akaegemea ukuta. Antoine naye akacheka, na Tantine Henriette, uso bado ameukaza, akasogeza sahani yake awekewe paja.