Nyasi Zilizoitikia Shikamoo

Kila Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Walburga alifika nyumbani kwa meneja wa benki, akaegemeza baiskeli ukutani, akavua kandambili, akapitisha tupa kwenye fyekeo mara saba kila upande. Kisha aliinama kidogo akaziambia nyasi, "Shikamooni." Nyasi ziliitikia, "Marahaba," naye akaanza kufyeka.

Utaratibu huo alifundishwa na marehemu mama yake, Theodosia, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutia jembe ardhini kabla ya kuiamkia. "Unamchoma mkubwa wako jembe hata hujamsalimia?" alikuwa akisema. "Ndiyo adabu gani?"

Walburga alikuwa mtunza bustani wa shirika moja la umma hadi mwaka 1992, shirika lilipopunguza watu. Wakubwa walibaki na magari, yeye akaondoka na fyekeo. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa, mitumba ruksa, mahindi kumuuzia umtakaye ruksa, hata kukata nyasi za watu na kuiita kampuni. Gaspari, dereva aliyepunguzwa siku hiyohiyo, akaleta kutoka Dar es Salaam mashine ya petroli. Kiwanja kilichomchukua Walburga asubuhi nzima, Gaspari alikimaliza kwa nusu saa na muda wa kuvuta sigara ukabaki. Ndani ya miezi mitatu Walburga alipoteza wateja sita kati ya kumi, na bintiye Noela akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Kilichomwokoa ni wageni. Wateja waliobaki waligundua kwamba nyasi alizozikata Walburga zilimwitikia mtu yeyote aliyezisalimu, kwa sauti moja ya upole, wiki nzima. Mke wa meneja wa benki aliwaambia wenzake baada ya misa. Kufika Pasaka, nyumba ambayo nyasi zake zilikaa kimya ilionekana haina malezi. Gaspari naye alijaribu. Alizisalimu nyasi huku mashine ikinguruma, hazikumsikia. Akamrekodi mkewe, Sharifa, akiitikia marahaba kwenye kaseti, akaificha redio ndani ya michongoma. Mvua ya Aprili ikainyeshea, na kwa siku mbili michongoma ile ilitoa taarabu.

Mwezi wa nane Walburga aliitwa mtaa wa Msamala na Bwana Hironimus, mfanyabiashara wa mbolea, aliyekuwa amejenga nyumba ya ghorofa na nyingine tisa za kupangisha. Walburga alipajua mahali pale. Lilikuwa shamba la mama yake. Miaka michache nyuma, eneo lilipopimwa viwanja, familia zilipewa fidia, na Bwana Hironimus aliahidi mbele ya watu kwamba makaburi yaliyomo angeyahamisha kwa gharama yake. Aliyahamisha. Yalikuja masanduku mawili mapya hadi makaburi ya mji, moja la Theodosia, moja la Careen, mdogo wake Walburga aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Padri alisali. Walburga alishika sanduku la mama yake upande wa miguu, akaliona zito, akadhani mifupa ndivyo ilivyo.

Tangu hapo, kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu wa Songea wanapokwenda kufyeka makaburi ya ndugu zao, Walburga aliyapalilia yale mawili, akapaka misalaba chokaa.

"Fanya kiwanja hiki kimoja," Bwana Hironimus alimwambia. "Ukinipendeza, zote kumi ni zako. Usiponipendeza, Gaspari yuko hapo getini."

Kweli Gaspari alikuwa getini, amekalia mashine. Walburga akavua kandambili. Akapitisha tupa mara saba na saba. Akainama.

"Shikamooni."

"Marahaba, Walo," ukoka uliitikia. "Mbona umekonda?"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Pembeni, karibu na bomba la maji, sauti ndogo ikafuata: "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Careen," alisema Walburga, na machozi yakamtoka. Alilia akiwa amesimama, si kwa muda mrefu, kisha akakifyeka kiwanja chote, kwa sababu kazi ilikuwa imeshaanza. Karibu na bomba alipita taratibu. Alipomaliza alikwenda barazani.

"Mzee, mama yangu yumo humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye ukoka. Na mdogo wangu. Mlihamisha masanduku tu."

Bwana Hironimus hakukasirika. Alieleza kwamba wiki ile greda lilikodiwa kwa saa, wapimaji walikuwa wanasubiri, na vijana walijaza masanduku udongo wa juu, udongo mzuri tu. "Na padri aliubariki, mama Noela. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Naomba niwatoe, mzee. Siku moja inatosha. Ukoka nitaupanda upya kwa mikono yangu."

Bwana Hironimus alishuka ngazi, akasimama ukingoni mwa nyasi. "Shikamooni," alisema.

"Marahaba, baba," alijibu Theodosia, ambaye hakuwahi kumnyima mtu salamu. "Shikamoo," alisema Careen.

"Kwa meneja wa benki inaitikia sauti moja," alisema Bwana Hironimus. "Hapa mbili, na moja ya mtoto. Sasa nikuruhusu uwatoe, halafu wageni wangu waitikiwe na nani?"

Walburga aliwaza mambo mawili. Angeweza kukataa, Gaspari angewasha mashine, na wale wawili wangenyamaza chini yake. Geti lingefungwa, naye asingewasikia tena. Au angeshika kazi. Akasema atakuwa anakuja Jumatano.

Alikuja kila Jumatano. Alimweleza mama yake habari za Noela aliyerudi shule, bei ya sukari, nani kaoa, nani kahamia Namtumbo. Theodosia alimkumbusha kufyeka vizuri kwenye kona. Gaspari aliuza mashine akaanza kusaga nafaka.

Mwishoni mwa Oktoba Walburga aliomba ruhusa ya tarehe mbili. Bwana Hironimus alisema haiwezekani, siku hiyo nyumba inazinduliwa. Basi Noela akaenda peke yake makaburi ya mji na jembe na kopo la chokaa, akapalilia yale masanduku ya udongo, kwa kuwa majina yaliandikwa pale. Walburga alikwenda Msamala. Alifyeka kama siku zote, akakusanya nyasi kwa reki, akaambiwa asimame nyuma ya nyumba wageni wasimwone na vumbi lile.

Wageni waliingia kwa geti kubwa, suti na vitenge, wakasimama mbele ya ukoka, wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu," alisema Theodosia. "Karibuni. Hapa ni nyumbani kwangu, mjisikie vizuri."

Wageni walipiga makofi, wakampongeza Bwana Hironimus. Naye akashukuru.