Kidirisha Kisichofungika

Saa nne asubuhi kaka mtu alikuwa mezani sebuleni, akihangaika kwa siku ya pili na kitufe kimoja. Zoezi la chuo lilitaka kitufe kigeuke kijani kikibofywa, na kikibofywa tena kirudi kijivu. Chake kiligeuka kijani kikagoma hapohapo. Mdogo wake wa kike alipita na beseni la nguo mbichi, akatupia jicho kwenye skrini.

"Umekiambia kibadilike, kaka. Hujakiambia kirudi."

Alikuwa amejifunza kwa kusoma daftari la kaka yake kila alipofuta meza. Nafasi ya chuo ilikuwa moja, wazazi wakampa mtoto wa kiume, na mjadala wenyewe ulikwisha kabla chai haijapoa. Alianika nguo, akarudi, akakirekebisha kitufe. Wiki ileile akatengeneza menyu ya kukunjuka, na orodha ya kazi za siku inayojifuta ukimaliza. Kaka mtu aliandika jina lake mwenyewe juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa.

Zoezi la mwisho lilikuwa kidirisha: unabofya, kinajitokeza katikati ya ukurasa na ujumbe wake, halafu unakifunga.

"Bado sijakiwekea pa kufungia," mdogo mtu alisema.

"Wakiona kimefunguka inatosha." Akabeba kompyuta, akaondoka mbio.

Darasani alibofya. Kidirisha kikatoka kwenye skrini kikasimama mbele ya kifua chake, ukubwa wa sinia, cheupe, chenye kivuli laini kwa chini. Kilikuwa kimeandikwa: *Kazi hizi zote zimefanywa na mdogo wake wa kike.* Mwalimu alivaa miwani akasoma mpaka mwisho.

"Herufi zinasomeka vizuri," alisema, akampa tisini na mbili. Siku ya picha za kuhitimu alimwomba tu ageuke kidogo, kidirisha kisizibe cheti.

Kaka mtu aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alivaa koti, koti likabaki nyuma ya kidirisha. Barabarani watu walikisoma wakisubiri kuvuka, wengine kwa sauti, kisha wakavuka. Mezani mama alimwambia akae vizuri asije akakitia mchuzi.

"Na ni kweli," mama aliongeza, "huyu binti anajituma sana." Kisha akamwambia binti alete maji.

Mdogo mtu alikikagua kidirisha kwenye kompyuta mstari kwa mstari, mchana kutwa.

"Maneno hayo sikuyaandika mimi," alisema. "Nimekiwekea pa kufungia, hakifungiki. Na nimetafuta kosa, kaka. Hakina kosa."

Kwenye usaili wa kazi, meneja alikisoma huku akikoroga chai.

"Huyu mdogo wako anakaa wapi?"

"Nyumbani, tunaishi naye."

"Ana shughuli yoyote?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: mchukueni yeye. Kaka mtu alilihisi kabisa juu ya ulimi, maneno mawili tu.

"Hana," alisema. "Yupo yupo tu."

Aliona aibu, lakini alikwisha kusema.

"Basi kazi hazitalala," meneja alisema kwa furaha, akamsogezea mkataba. Kaka mtu akapitisha mkono pembeni ya kidirisha, akatia sahihi.

Alipofika nyumbani mdogo wake alikuwa akipiga pasi. Alisoma mkataba wote, hata yale maandishi madogo ya chini.

"Hongera, kaka."

"Mdogo wangu, mimi..." Alijua vizuri alichotakiwa kusema, na alijua pia kwamba akikisema itabidi akarudishe mkataba.

Mdogo mtu akaligeuza shati upande wa pili. Lilikuwa la kaka yake, la kuvaa Jumatatu.

"Kazi ziwe zinanifikia kabla ya saa tano," alisema. "Nikishabandika sufuria siwezi kuzigusa tena."

Akasema sawa. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, na akikaa hapo magoti hukisukuma kidirisha juu, kikamziba uso.