Soda ya Kadzama

Mzee Kadenge wa Bofu, huko Likoni, alikuwa mtu wa kusema. Kanisani alisema, matangani alisema, na alipokosa wa kumwambia alisimama mlangoni akawasema kuku. Lakini lilikuwapo neno moja lililomkaa kooni tangu mwaka jana, asiwahi kumtamkia mtu, hata mkewe Kahaso aliyelala naye kitanda kimoja. Neno hilo ni kisukari.

Si kwamba hakulijua. Alilijua sana, na alikuwa amelitumia vibaya. Kaka yake Randu, aliyemtangulia kuzaliwa, alikatwa mguu chini ya goti kwa ugonjwa huohuo, na Kadenge, badala ya kunyamaza kama ndugu, alipata la kuchekeshea watu. "Mguu ule kaula mwenyewe," alikuwa akisema, "kidogo kidogo, na mchuzi juu." Siku moja alilisema baada ya ibada, Randu mwenyewe ameketi papo hapo, magongo yake yameegemea ukuta. Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Randu.

Basi wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwaka jana wafanyakazi wa ghala la Changamwe, ambako Kadenge ni mtunza stoo, walipimwa afya, na nesi akamwomba yeye abaki nyuma kidogo. Aliporudi nyumbani jioni ile alikula kama kawaida, akasema kama kawaida, lakini usingizi ulimpaa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kicheko, maana alikijua kilivyo. Ni yeye aliyekifundisha mtaa mzima.

Akaanza maisha ya mwizi. Tembe za hospitali alizichukulia zahanati ya huko karibu na uwanja wa ndege, ambako hapiti mtu wa Likoni, akazificha ndani ya kiatu chake cha harusi. Nesi alimwambia azimeze pamoja na chakula, na kama anatumia kitu kingine chochote, aseme. Kadenge akaitikia, kisha hakusema. Kwa kuwa tembe peke yake hazikumtosha. Alitaka ugonjwa uondoke kabla haujajulikana kwamba ulikuja. Kwa hiyo kando ya feri alinunua kopo la vidonge vya mitishamba kwa mama mmoja mwenye kipaza sauti: mdalasini, karela, na majani mengine ambayo majina yake aliyajua mwenyewe muuzaji. "Vinashusha sukari bila aibu ya hospitali," mama yule alitangaza. Sukari ilimvuta Kadenge, lakini ni hilo la aibu lililomfanya atie mkono mfukoni.

Na kweli sukari ilishuka. Nesi akampima, akampongeza kwa kufuata masharti, naye akazipokea pongezi zote asigawie kopo hata kidogo. Wakati mwingine alipochelewa kula mikono ilimtetemeka, akasema ni uzee.

Ndipo Velma akapata mchumba.

Velma ni bintiye wa pekee, mwalimu wa chekechea, mpole kwa sura na mgumu kwa maamuzi. Kijana aliyempenda aliitwa Kamau. Wazazi wake walitoka bara zamani wakaweka makao Changamwe. Siku ikapangwa waje kwa heshima zao. Kwa desturi za Wagiriama, wageni wa posa huja na kadzama, yaani tembo la mnazi la kufungulia mdomo. Binti huulizwa mbele ya watu kama linywewe; akikubali hulimimina mwenyewe, baba akanywa kwanza, na kabla baba hajanywa halisemwi lolote la mahari. Siku hizi familia za kanisa zimebadilisha tembo zikaweka soda, na huko Bofu aliyeshikilia mabadiliko hayo kidete ni Kadenge huyuhuyu. Alimpigia simu Mwangi, ami yake Kamau na msemaji wa wageni, akamwonya: "Nyumba yangu haiingii ulevi. Atakayekuja na harufu tu, nitamrudisha feri."

Kumbe alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe. Tembo angeweza kulikataa kwa sababu ya dini. Soda je? Baba akiionja tu akaiweka chini, watu husema amemkataa mkwe. Na akisema siwezi sukari, mbele ya Randu, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya majirani waliojaa mpaka barazani? Afadhali ardhi ipasuke.

Mtunza stoo akapiga hesabu za kistoo. Ikiwa soda inapandisha, na vidonge vinashusha, basi ashushe mapema ili kuwe na nafasi. Asubuhi ya siku yenyewe alimeza tembe ya hospitali, akafuatisha vidonge vya kopo, si kwa kiasi chake cha kila siku bali gao zima la mkono. Kahaso alipomletea chai na mahamri, akakataa.

"Sina njaa, Mama Velma. Ni furaha tu."

Wageni walichelewa. Feri moja ilikuwa imeharibika, foleni ya ng'ambo ikafika mbali, na Mwangi akawa anapiga simu kusema wanakaribia huku hawajasogea. Jua likapita utosini. Kahaso akaleta kisahani cha mbaazi za nazi, mumewe akakisukuma kando. Alikuwa analinda nafasi ya soda. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni, na alipojaribu kufunga kifungo cha mkono, kifungo kilimshinda. Akajiambia ni wasiwasi wa kuoza binti.

Walipofika hatimaye, walifika kwa heshima: Mwangi na kofia yake, Njeri mama yake Kamau katika gauni la kijani, na Kamau nyuma amebeba kreti ya soda nyekundu. Wakaamkiana, wakaketishwa. Kadenge akasimama kuwakaribisha, kazi aliyoisubiri maisha yake yote.

"Karibuni," alisema. Ulimi ulikuwa mzito kama si wake. "Karibuni matangani."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mzee. Naye akaona wanavyocheka, akawakasirikia, na macho yake yakiwa yanazunguka zunguka yakatua kwa Randu. "Nani kamleta huyu?" akafoka. "Ondoa mguu wako nyumbani kwangu! Huo uliobaki!"

Hapo hakucheka mtu. Kadenge akapiga hatua, akashika pazia, pazia likakatika, akaenda chini nalo kando ya kreti. Alisikia chupa zikigongana, kisha sauti ya Mwangi, kana kwamba inatoka chumba cha pili.

"Alituambia tusilete pombe. Kumbe yeye ameimaliza yote."

"Kamau, simama twende," Njeri alisema. "Huku si kwa watu."

Kisha uso wa Velma ukawa juu yake, umelowa machozi. "Baba, umelewa?"

Alimsikia. Hili ndilo litakalomchoma mpaka kaburini: alimsikia vizuri, na ndani ya ukungu ule wa kichwa akaona mlango wa kutokea. Mlevi hutubu Jumapili akasamehewa. Watu watasema shetani alimpitia mzee Kadenge, watamwombea, yatakwisha. Mlevi si Randu. Kwa hiyo mwanawe, ambaye posa yake ilikuwa inainuka kwenye viti na kuondoka, alipomuuliza mara ya pili, Kadenge akatikisa kichwa kuitika.

Velma akaziba mdomo kwa leso yake.

Magongo yakagonga sakafu. Randu, aliyefukuzwa muda mfupi uliopita, alikuwa amejishusha mpaka chini kwa goti moja, akamnusa mdomo mdogo wake, akamgusa shingo.

"Huyu hajalewa. Hebu tazameni jasho hili. Sukari imemwishia mwilini. Nipeni soda!"

"Hiyo ya kadzama?" Kahaso aliuliza kwa fadhaa. "Velma hajaulizwa bado!"

"Nipe, shemeji, mtu anakufa!"

Akaifungua kwa meno. Akamwinua Kadenge kichwa, akamnywesha taratibu, nusu ikiingia kinywani na nusu ikimwagikia suruali ya mwenye kunywesha, pale ilipokunjwa na kubanwa kwa pini. Hivyo ndivyo soda iliyoogopwa tangu asubuhi ilivyonywewa.

Akili ilimrudia Kadenge kidogo kidogo. Kwanza aliona dari, halafu nyuso. Randu akainama sikioni. "Umemeza nini, mdogo wangu?" Kadenge akafumba macho. Randu hakumuuliza tena.

Ni Kahaso aliyesimama kumtetea, masikini, na moyo wake safi. "Ndugu zangu msituhukumu. Huyu mume wangu amefunga. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani, chai kakataa, mbaazi kakataa. Kumbe alikuwa anamwombea binti yake!"

Chumba kikabadilika. Mwangi alivua kofia. "Mzee, tusamehe. Tumemkosea mtu wa Mungu."

"Wooi, pole sana, baba," alisema Njeri, na mkoba wake ukarudi sakafuni. "Wazazi kama hawa ni wachache siku hizi."

Mzee mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini. Kadenge aliketi kitini wakimpepea. Ndani ya muda wa kunywa chupa moja alikuwa amekuwa mlevi, kisha amekuwa mtakatifu, na vyote viwili vilikuwa uongo. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Posa ilikuwa imepona, heshima imepanda mpaka darini. Akamtazama Randu. Randu alikuwa amerudi kwenye kiti chake karibu na mlango, anajifuta suruali kwa kitambaa, hamtazami mtu.

Pengine angenyamaza. Mimi simjui mtu ambaye asingenyamaza. Lakini Velma alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Baba, nisamehe. Nimekuita mlevi mbele ya watu. Nimekuaibisha."

Kadenge akaitazama mikono ile. Mtoto anamwomba radhi.

"Sikufunga," alisema.

"Baba?"

"Sikufunga, mama. Nina kisukari. Tangu mwaka jana." Wimbo ukakatika. "Nikaogopa soda. Nikameza dawa za hospitali na vidonge vya kopo juu yake, gao zima, nisile, ili ninywe mbele za watu nisijulikane. Na uliponiuliza kama nimelewa, nilikusikia. Niliitikia makusudi. Niliona afadhali posa yako ivunjike kuliko niitwe kama..."

"Kuliko uitwe kama mimi," Randu alimalizia kutoka mlangoni.

Velma aliiachia mikono ya babake. Hakuitupa, aliiweka magotini pake, akainuka. Kahaso naye alikuwa amejishika kifua. "Kitanda kimoja, Baba Velma," alisema taratibu. "Kitanda kimoja."

Randu akakohoa. "Basi na mimi niseme, maana leo ni siku ya kufungua midomo. Mguu huu sikuula. Niliacha dawa za hospitali nikafuata unga fulani wa kijani wa kuchanganya na uji, niliouziwa kwa siri. Kidonda kikaoza huku nasubiri unga ufanye kazi. Uliposema nimekatwa kwa ulafi, nikaona afadhali hilo. Mlafi hucheka na watu. Mjinga hucheka na nani?" Akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza. "Wako wanaomeza vya makopo na daktari anajua, wakapimwa, wakaongozwa. Lakini mimi na wewe tulimeza kwa kujificha. Ungepunguza kunicheka, Kadenge, ningekwambia."

Kadenge hakuwa na pa kuyaweka macho. Mwangi alikuwa anazungusha kofia yake vidoleni. Hakuna aliyejua sasa mambo yanaendelezwa vipi: kadzama imemwagika, binti hajaulizwa, na baba mwenyewe amejivua nguo hadharani.

"Mwanangu," Njeri alimwambia Velma polepole, "sisi bado tumekaa. Hatujasimama. Ni wewe wa kusema."

Velma aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, na Kadenge, ambaye siku zote hakosi neno, alisikiliza pangaboi likizunguka. Aliwaza kwamba hatatoka. Aliwaza kwamba ana haki asitoke.

Alitoka ameshika bilauri ya maji, ameishika kwa mikono miwili jinsi alivyofundishwa na bibi yake. Watu wakajipanga sawa vitini. Kadenge akanyoosha mkono kupokea, kwa kuwa baba ndiye hunywa kwanza.

Velma akampita.

Akaenda mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Randu. "Baba mkubwa," alisema, "mimi nimekubali. Ninywee."

Mkono wa Kadenge ulibaki hewani, watu wote wakiuona, kisha ukarudi magotini. Hakukasirika. Alikuwa anaiona suruali ya kaka yake, na lile doa jekundu la soda pale penye pini, halijakauka. Randu alikunywa mpaka nusu, akajifuta mdomo, akaegemea gongo moja, akaja mwenyewe akivuka chumba chote bila kusaidiwa.

"Shika, mdogo wangu. Na Jumatatu tunakwenda zahanati wote, wewe na kopo lako."

Kadenge alipokea kwa mikono miwili. Yalikuwa maji ya kisima, yana chumvi kama maji yote ya Bofu. Aliyanywa yakaisha, hakuinua macho.